Bajeti ya nyongeza imepunguza mchango wa kaunti: je, ruzuku ya mfadhili iko salama?

Katibu wa Silanga

Wana jukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi katika mojawapo ya kaunti za Pwani ya Kenya, na ninaomba ufafanuzi kutoka kwa watu waliowahi kuishughulikia bajeti ya kaunti kwa mikono yao. Mradi wetu ni wa kufukua na kupanua silanga linalonywesha mifugo ya vijiji kadhaa, kulizungushia ua, na kujenga kioski cha maji pembeni yake. Fedha zake zinatoka katika FLLoCA, mpango wa kugharimia hatua za tabianchi zinazoongozwa na wananchi mashinani, ambazo kaunti huzipokea kama ruzuku yenye masharti, na nyingine zinatoka kwa kaunti yenyewe kupitia mfuko wake wa tabianchi.

Sasa serikali ya kaunti imewasilisha bajeti ya nyongeza, yaani marekebisho ya bajeti ya mwaka unaoendelea, katika bunge la kaunti. Nimepata nakala yake na nimeisoma ukurasa baada ya ukurasa. Ruzuku ya FLLoCA imeandikwa kwa kiasi kilekile kilichokuwa katika bajeti ya Juni, lakini mchango wa kaunti kwa mfuko wa tabianchi umepunguzwa kwa zaidi ya nusu. Nilipomuuliza diwani wetu, alinijibu kwamba nisiwe na wasiwasi kwa kuwa fedha za mfadhili hazijaguswa. Afisa mmoja wa idara naye alisema jambo hilohilo, ila kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili.

Ninaomba kufahamu mambo mawili. Kwanza, je, kupunguzwa kwa mchango wa kaunti kunaweza kuiathiri ruzuku yenyewe hata kama kiasi chake hakikubadilishwa? Pili, je, kaunti inaweza kisheria kuzichukua fedha za ruzuku na kuzitumia kulipia mambo mengine, kwa mfano mishahara iliyochelewa? Wanakamati wenzangu wananitazama mimi kwa majibu, na sipendi kuwapa maneno ya kubahatisha.

Mstaafu wa Hazina

Ndugu Katibu, nimefanya kazi katika hazina ya kaunti hadi nilipostaafu, na ninakupongeza kwa kuutazama mstari wa mchango wa kaunti, ambao wengi huuruka. Mtu akisikia kwamba bajeti imepunguzwa hukimbilia kutafuta jina la mradi wake, na akilikuta limeandikwa kwa kiasi kilekile hushusha pumzi. Ruzuku haifi kwa njia hiyo. Kinachotangulia ni kuondolewa kwa mchango wa kaunti, kisha sharti la mfadhili halitimizwi, kisha mwaka unaofuata kaunti inashindwa tathmini na kunyimwa fedha za uwekezaji; na kufikia hapo hakuna diwani atakayekumbuka kwamba jambo hilo lilianzia kwenye kura aliyoipiga yeye.

Kumbuka FLLoCA ni fedha za namna gani. Sehemu kubwa ni mkopo ambao Serikali ya Kitaifa imeuchukua kutoka Benki ya Dunia, ingawa kaunti hupewa kama ruzuku, na deni hulipwa na Hazina ya Kitaifa. Kwa sababu hiyo masharti yake hayakuwekwa kwa ajili ya mapambo. Kila kaunti ilitakiwa kutunga sheria ya mfuko wa tabianchi, kuunda kamati za wadi kama hiyo yako, na kutenga sehemu ya bajeti yake ya maendeleo kwa ajili ya mfuko huo. Kaunti inapopunguza sehemu hiyo chini ya kiwango ilichokubali, inakuwa imelegeza kamba iliyoifunga yenyewe. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, inaweza kuathirika, hata kama tarakimu ya ruzuku haijasogezwa.

Swali la pili lina jibu la sheria na jibu la mazoea. Kisheria, Ibara ya 202 ya Katiba ndiyo inayoruhusu kaunti kupewa mgao wa ziada kutoka fungu la Serikali ya Kitaifa, kwa masharti au bila masharti, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2020 migao hiyo haiingizwi tena katika sheria ya ugavi wa mapato bali hutungiwa sheria yake pekee, yaani Sheria ya Mgao wa Ziada kwa Serikali za Kaunti. Fedha zikitolewa kwa kusudi lililotajwa humo, huwezi kuzipeleka kwingine kwa sababu tu umeishiwa. Zinapitia Mfuko wa Mapato wa Kaunti, zinahamishiwa akaunti maalumu ya mradi katika Benki Kuu, na kila zinapotolewa katika Mfuko ule ni lazima Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget) aridhie. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kifungu cha 154, inamzuia afisa mhasibu, yaani mkuu wa idara anayewajibika kwa fedha zake, kuhamisha fedha za maendeleo ili zigharamie matumizi ya kawaida, na hata uhamisho unaoruhusiwa kati ya programu haupaswi kuzidi asilimia 10 ya programu husika. Mishahara basi haiwezi kulipwa kwa fedha za silanga. Mazoea nitawaachia wengine, kwa maana mimi bado ninaishi katika kaunti niliyoitumikia.

Ni muhimu pia kuelewa kwa nini mstari wa mchango ndio unaokatwa mwanzo, maana si lazima kuwepo njama. Chukua mwaka wa fedha wa 2024/25. Kaunti zilikuwa zimepanga bajeti zake kwa kutegemea mgao wa pamoja wa shilingi bilioni 400.1. Juni 2024 Mswada wa Fedha ukakataliwa na wananchi barabarani, Rais akakataa kuutia saini, na mapato ya takriban shilingi bilioni 346 yaliyotarajiwa kutokana nao yakatoweka kwenye hesabu za Serikali ya Kitaifa. Mgao wa kaunti ukashushwa hadi bilioni 387.4. Kila kaunti ikalazimika kurudi mezani kwa bajeti ya nyongeza, na anayekaa kwenye meza ile hukuta mishahara haipunguziki, madeni ya wakandarasi yamekwisha kufika mahakamani, posho za madiwani zina watetezi ndani ya ukumbi wenyewe, na miradi iliyoanza ina mikataba iliyosainiwa. Hubaki mistari isiyo na mwenyewe anayeweza kupiga kelele. Mchango wa kaunti kwa mradi wa mfadhili ni mmoja wa mistari hiyo, kwa sababu hauna mkandarasi, hauna mfanyakazi, na kila mtu hudhani kwamba mfadhili atafidia.

Ushauri wangu ni kwamba msipeleke bungeni malalamiko ya jumla. Pelekeni waraka wa ukurasa mmoja kwa kamati ya bajeti, mkitaja namba ya fungu, kiasi cha zamani, kiasi kipya, na sharti la mchango kama lilivyoandikwa katika makubaliano ya ushiriki ambayo kaunti iliyasaini. Ombeni kamati imtake waziri wa fedha wa kaunti athibitishe kwa maandishi kwamba kiasi kipya bado kinatimiza sharti. Akithibitisha, mna kumbukumbu. Akishindwa, kamati yenyewe itakuwa na sababu ya kurejesha fedha. Kumbukeni tu kwamba bunge la kaunti likiongeza fedha mahali pamoja linapaswa kupunguza mahali pengine, kwa hiyo waraka wenu uonyeshe pia pa kupunguzia. Waraka usio na pa kupunguzia husomwa na kuwekwa kando.

Mkaguzi

Ninakubaliana na Mzee Mstaafu kwa sehemu kubwa, ila nina hitilafu naye mahali pawili.

Kwanza, tusichukulie kwamba kila upunguzaji wa mchango ni hasara. Kaunti nyingi hukadiria mapato yake ya ndani kwa kiwango cha juu mno kuliko zinavyokusanya, na matokeo yake ni kwamba mchango uliopitishwa mwezi Juni ni wino juu ya karatasi, usio na fedha nyuma yake. Bajeti ya nyongeza inayoshusha mchango hadi kiasi ambacho kweli kitatolewa inaweza kuwa na faida kwa mradi kuliko kiasi kikubwa kisichofika. Mkaguzi wa mfadhili hatazami kilichotengwa peke yake, hutazama pia kilichohamishiwa kwenye mfuko. Swali ambalo Katibu angepaswa kuliuliza ni kiasi gani cha mchango kimekwisha kuwekwa katika akaunti hadi leo. Ikiwa jibu ni sufuri, basi mjadala wa nusu au robo ni wa bure.

Pili, ulinzi wa kisheria alioueleza Mzee ni wa kweli, lakini unalinda fedha zisitumike vibaya, haulindi zisicheleweshwe. Fedha zinaweza kukaa katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila kuhamishiwa akaunti ya mradi, na mradi ukalala bila mtu yeyote kuvunja sheria waziwazi. Wakati mwingine ucheleweshaji unatoka Nairobi kwenyewe. Katika mwaka huohuo wa 2024/25, Bunge la Taifa na Seneti walivutana kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo ya ukarabati wa barabara, kila upande ukidai fedha hizo ni za ngazi yake, na kwa kuwa zilikuwa ndani ya mswada wa mgao wa ziada, ruzuku za washirika wa maendeleo ambazo hazikuwa na ugomvi wowote zikakwama pamoja nazo. Hospitali na miradi ya maji ikasubiri suala la barabara.

Katibu asome ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, ambazo huwekwa hadharani kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Kila kaunti ina sehemu yake, na ndani yake kuna jedwali la ruzuku linaloonyesha kilichotengwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Ukiona kilichopokelewa ni kikubwa na kilichotumika ni kidogo, tatizo liko nyumbani. Ukiona hakuna kilichopokelewa, msimlaumu waziri wenu wa fedha kabla ya kuuliza juu.

Mama Zahanati

Mniruhusu niongeze upande wa afya, kwa sababu nikiwasoma ninaona mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Ruzuku yenu ina mstari ndani ya bajeti, ina sheria, ina jedwali la kusoma. Katika zahanati yetu, waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi na wa kifua kikuu walilipwa na shirika lililopata fedha kutoka Marekani moja kwa moja. Fedha hizo hazikuandikwa popote katika vitabu vya kaunti. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alipoamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe, wenzetu hao walipokea barua na kuondoka, na kufikia Machi Washington ilikuwa imetangaza kufutwa kwa asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada. Bunge la kaunti lilipokutana kwa bajeti ya nyongeza hapakuwa na kitu cha kujadili, kwa maana huwezi kurejesha fungu ambalo halikuwahi kuwepo. Hata idadi ya watu waliokuwa wakilipwa kwa njia hiyo ilibidi ikusanywe upya kwa kupiga simu kituo hadi kituo.

Ninalitaja hili kwa sababu mkondo wa fedha unabadilika. Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka mitano, ambayo Marekani inakusudia kutoa hadi dola bilioni 1.6 na Kenya kuongeza matumizi yake yenyewe ya afya kwa dola milioni 850, fedha zikipita zaidi serikalini na kidogo katika mashirika. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu kuhamisha data za wagonjwa, na hilo ni suala la kesi. Lakini kuhusu bajeti, maana yake ni kwamba mchango wa Serikali sasa unakuwa nguzo ya mpango mzima, na kila bajeti ya nyongeza itakayopunguza fungu la afya itakuwa inalipunguza mbele ya macho ya mfadhili.

Tumekwisha kuonja jambo hilo kwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Kitaifa na nusu kutoka kaunti. Upande mmoja ukichelewa, yule mama anayetembea nyumba hadi nyumba hajui ni upande upi, na huja kuniuliza mimi.

Mdau wa Dodoma

Salaam kwenu majirani. Sina la kusema kuhusu sheria za Kenya, lakini hoja ya Mkaguzi kuhusu fedha kulala njiani imenikumbusha jinsi sisi Tanzania tulivyolishughulikia kwa upande wa afya. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na washirika wa maendeleo, zilikuwa zikipelekwa halmashauri, na halmashauri ndiyo iliyoamua lini na kiasi gani kifike kituoni. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 fedha hizo hutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya benki ya kituo, hata kama ni zahanati ya kijijini, na kituo huzitolea hesabu katika FFARS, mfumo wa uhasibu na taarifa za fedha wa vituo. Halmashauri bado inasimamia mipango na kukagua, lakini haiwezi tena kuzishikilia kwa sababu kuna jambo lingine lililoibana.

Si kwamba matatizo yameisha. Zahanati yenye mhudumu mmoja anayetibu, anayezalisha na anayetakiwa pia kuandika vitabu vya hesabu inaelemewa, na ndiyo maana ilibidi kuajiri wahasibu wasaidizi wanaozunguka. Hata hivyo kamati ya kituo inajua siku fedha zilipoingia, na hilo pekee limepunguza mabishano mengi. Sijui kama kamati zenu za wadi zina akaunti zao au zinasubiri idara. Kama zinasubiri, nadhani mjadala wenu ungeanzia hapo.

Katibu wa Silanga

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Kumjibu Mdau wa Dodoma, kamati yetu haina akaunti; sisi tunapendekeza mradi, tunasimamia na kutia saini kwamba kazi imefanyika, lakini malipo yanafanywa na idara. Nimefuata maelekezo ya Mkaguzi, nimelipata jedwali la kaunti yetu, na linaonyesha kwamba ruzuku ilipokelewa ilhali matumizi ni madogo sana. Kwa hiyo fedha zipo. Zabuni ya silanga imetangazwa, ila mkataba haujasainiwa, na Juni haiko mbali. Je, mwaka wa fedha ukifungwa kabla ya kazi kuanza, fedha hizi zinarudi kwa mfadhili? Na je, ile bajeti ya nyongeza inaweza kutumiwa kuusimamisha mchakato wa zabuni?

Mstaafu wa Hazina

Nitaanza na zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inamkataza afisa mhasibu kuanza ununuzi kabla ya kuridhika kwamba fedha za kutosha zimo katika bajeti iliyoidhinishwa. Zabuni yenu ilipotangazwa, ruzuku na mchango vilikuwa vimo. Mchango ukipunguzwa sasa, na gharama ya kazi ikawa inategemea vyote viwili, mtu anayetaka kuisimamisha atakuwa amepata kisingizio halali. Kwa hiyo ulizeni mara moja iwapo makadirio ya mhandisi kwa silanga yanaenea ndani ya ruzuku peke yake. Yakienea, ombeni idara iandike hivyo kwenye jalada. Yasipoenea, ni heri kuondoa kioski katika awamu hii na kubaki na silanga na ua kuliko kuacha zabuni nzima ifutwe; kioski kinaweza kuja mwaka ujao, lakini silanga lisipofukuliwa kabla ya mvua za vuli mmepoteza msimu mzima.

Kuhusu tarehe 30 Juni, fedha zenyewe kwa kawaida hazirudi kwa mfadhili siku hiyo, ila idhini ya kuzitumia ndiyo inayokufa. Kifungu cha 136 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinasema kwamba idhini isiyotumika inakoma mwaka unapofungwa. Bakaa inabaki ndani ya akaunti, lakini hakuna anayeweza kuigusa hadi iingizwe upya katika bajeti ya mwaka mpya na bunge la kaunti liipitishe. Hapa ndipo kaunti nyingi hujikwaa: makadirio ya mwaka mpya huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili, wakati ambapo idara bado inaapa kwamba itamaliza kazi kabla ya Juni, kwa hiyo bakaa haiandikwi, halafu Julai inafika, fedha ziko benki, mstari haupo, na mradi unasubiri bajeti ya nyongeza ya Novemba au hata ya Februari. Nimeona mradi wenye fedha taslimu ukilala karibu mwaka mzima kwa sababu hiyo tu.

Ninyi fanyeni mambo mawili kwa pamoja. Shinikizeni mkataba usainiwe, na wakati huohuo mwandikieni afisa mkuu wa idara, nakala kwa kamati ya bajeti, mkiomba bakaa inayotarajiwa iandikwe katika makadirio ya mwaka ujao kama ruzuku iliyovuka mwaka, hata kama idara ina hakika kwamba haitakuwepo. Mkataba ukisainiwa na malipo yakafanyika, mstari huo utapunguzwa baadaye bila kumuumiza mtu. Na kama watakataa kuwapa nakala za makubaliano ya ushiriki au taarifa ya akaunti, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016, inayowapa siku 21 za kujibu. Ombi hilo lipelekeni leo, kwa sababu mkihesabu siku 21 kuanzia wiki ijayo, makadirio ya Aprili yatakuwa yamekwisha kufungwa.